Barua ya wazi kwa wakubwa wa Netflix: Hancock mmemweka rafu siyo yake

Kwenu Bwana Ted Sarandos na Bwana Greg Peters, na wengine wote mnaokaa huko Los Gatos, California mkaamua kipindi gani kiitwe cha kweli na kipi kiitwe cha kubuni.

Salaam nyingi. Mi ni muongoza watalii hapa Kilwa, pwani ya kusini ya Tanzania, huu mwaka wa kumi na nne navusha watu kwa boti toka Masoko kwenda Kisiwani kuangalia magofu, nawatembeza msikitini, nawapandisha Husuni, nawarudisha kabla maji hayajakupwa tukabaki tunasukuma boti kwenye tope. Nawaandikia Kiswahili maana ndo lugha ninayoweza kugombana nayo vizuri, wakalimani mnao wengi, wapeni kazi. Na sijaja kuomba mfute kipindi chochote, hili naliweka mapema kabisa ili mtu asije akasoma nusu akasema huyu naye anataka kuziba watu midomo. Shida yangu ni ndogo, inatengenezeka kwa mtu mmoja kukaa kwenye kompyuta nusu saa. Kile kipindi cha Graham Hancock, mwandishi Mwingereza anayesema kuna ustaarabu mkubwa wa kale uliopotea, kinaitwa Ancient Apocalypse, mlichokitoa Novemba 2022, mmekipanga pamoja na makala za kweli. Kitoeni hapo.

Ngoja niwaeleze kilivyonifikia, maana sikukitafuta, kilinijia chenyewe kazini.

Nilikuwa na mgeni mmoja, mtu mzima, mstaarabu, kastaafu, anabeba daftari, yani mgeni wa aina ambayo sisi tunaipenda kwa sababu anauliza na anaandika. Nimempandisha Husuni Kubwa. Kwa msiopajua, ni jumba la mwanzoni mwa karne ya 14, vyumba zaidi ya mia, lina bwawa la pembe nane, limekaa juu ya jabali linaangalia bahari, ni la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, yule yule ambaye msafiri wa Moroko, Ibn Battuta, alifika kwake 1331 akaandika kwamba watu wanamwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa jinsi alivyokuwa anatoa. Mi nikifika pale huwa nina mchezo wangu. Namwambia mgeni simama ndani ya chumba, nyoosha mikono yote miwili, alafu ongeza hatua moja tu upande. Umeshagusa ukuta wa pili. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, mita mbili na nusu, tatu hazifiki au zinafika kwa shida. Sasa namuuliza, kwanini sultani aliyekuwa anakula ushuru wa dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji, alale kwenye chumba chenye upana wa kibanda cha mangi? Wanabuni weee, mara joto, mara usalama, mara dini. Jibu ni boriti. Dari ya mawe na chokaa ilikuwa inabebwa na boriti za mikoko na boriti ya mkoko inayoweza kubeba uzito ule urefu wake ndo huo, haizidi. Kwahiyo ukienda Kilwa, ukienda Songo Mnara, ukienda kwenye nyumba za kale za Lamu, unaupima mti kila unapoingia chumbani. Mjenzi kakuachia rula yake ukutani miaka mia saba.

Wageni wengi hapo wanacheka, wanapiga picha mikono imenyooka. Huyu mzee hakucheka. Kaweka kiganja ukutani, kafumba macho kidogo, akaniuliza: na kabla yao?

Nikamwambia kabla ya jumba hili kulikuwa na mji mdogo wa mawe na msikiti wa kwanza. Na kabla yao? Nikamwambia kabla ya hapo nyumba za miti na udongo, waliokuwa wanavua, wanafua chuma, wanafinyanga vyungu, wanaakiolojia wamekuta mifupa ya samaki na vigae mpaka karne ya 9 huko. Na kabla yao? Hapo nikaelewa hatuongei kitu kimoja. Mi nashuka ngazi, yeye anatafuta mlango wa siri. Nikamwambia kabla yao ni mchanga, mzee. Akanitabasamia, na hilo tabasamu ndo limenifanya niandike barua hii, ni lile unalompa mtoto aliyedanganywa na wakubwa zake na hana kosa. Akasema, ndivyo walivyokufundisha kusema.

Jioni kwenye baraza ya nyumba ya wageni akanionyesha simu yake, kapakua vipindi vyote. Nikamwomba tuangalie kimoja. Baadae nikanunua bando nikamalizia mwenyewe, vyote 8 vya sizoni ya kwanza alafu ilipokuja ya pili Oktoba 2024, ile ya Amerika ambayo mmemleta mpaka mwigizaji Keanu Reeves, nikaangalia na vile 6. Kwahiyo sisemi kwa kusikia.

Na niseme la haki. Hancock si mtu mjinga na si mgeni wa huku kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 80 alikuwa mwandishi wa Afrika Mashariki wa The Economist. Mwaka 1989 akatoa kitabu kuwachambua wakubwa wa mashirika ya misaada, wanavyopanda ndege daraja la kwanza kwenda kujadili njaa ya watu wengine, na kile kitabu kuna watu huku wanakiheshimu mpaka leo. Mwaka 1992 akaandika kuhusu Sanduku la Agano na Aksum kule Ethiopia. Anaandika vizuri, anasimulia vizuri, ile sauti yake hata ukiwa hukubaliani nae huwezi kuzima. Mi kazi yangu ni kusimulia, namuonea wivu kabisa. Na mwenyewe kwenye kipindi anasema wazi kwamba yeye si mwanaakiolojia, ni mwandishi wa habari. Sawa. Yeye kasema ukweli wake. Nyie ndo mmebandika lebo.

Stori yake kwa ufupi ni hivi, palikuwa na ustaarabu mkubwa zama za barafu, wenye elimu ya nyota na ramani na ujenzi, ukafutwa na balaa kama miaka 12,800 iliyopita, vipande vya nyota mkia vikapiga dunia, mafuriko, na walionusurika wakasambaa duniani kuwafundisha wawindaji na wachuma matunda kulima na kujenga. Ila ukimfuatilia muda mrefu utaona huo ustaarabu unahamahama kama muuza mitumba asiye na kibanda. 1995 ulikuwa Antaktika, kwamba ganda la dunia liliteleza bara zima likaenda kuganda kusini. 2002 ukawa chini ya maji, kwenye fukwe zilizomezwa na bahari. 2015 nyota mkia ikachukua kazi ya ganda lililoteleza. 2019 ukahamia Amerika ya Kaskazini. Kila mahali ukienda kuchimba unaambiwa walishaondoka.

Mtu anaweza kusema, lakini si kweli kwamba hawajachimba kila sehemu? Kweli. Aprili 2024 alikaa na mwanaakiolojia Flint Dibble kwenye podikasti ya Mmarekani Joe Rogan, zaidi ya masaa manne, na pale akakubali mwenyewe kwamba kwenye yale ambayo wanaakiolojia wameshayachunguza hakuna ushahidi wa huo ustaarabu wake, ila sehemu nyingi hazijachunguzwa bado. Jibu alilopewa na Dibble mi ndo lilinifungua macho, maana halihusu mawe kabisa, linahusu nafaka. Na nafaka sisi tunazijua. Mtama wa porini ukikauka unapukutika wenyewe, upepo ukipita tu punje chini, ndo unavyozaliana. Mtama wa shambani unakungoja, unakaa kwenye suke mpaka uje na kisu. Hiyo tofauti haiji kwa siku moja, inakuja baada ya vizazi na vizazi vya watu kuvuna na kupanda tena zile zilizobaki kwenye suke, na inaonekana kwenye punje yenyewe hata ikiwa imeungua ikawa mkaa, pale ilipokatikia. Mashariki ya Sudan wameona alama za mtama ukiwa katikati ya hiyo safari, miaka kama 5,000 iliyopita. Kwahiyo kama kulikuwa na watu wanalima kisawasawa zama za barafu, punje zao ziko wapi? Mji unaweza kuzama baharini. Mbegu hazizami zote, zinaokotwa na ndege, zinaibiwa na jirani, zinaota jalalani. Ngano, mahindi, mpunga, vyote vinaonekana vikibadilika polepole kila mahali kwa wakati wake na wenyeji wake, hakuna mwalimu aliyekuja na gunia la mbegu tayari.

Na barafu nayo. Kule Greenland wakitoboa barafu wanakuta risasi, yale madini, kutokana na moshi wa matanuri ya Warumi miaka elfu mbili iliyopita. Moshi tu huo, ulipaa ukaenda kutua kwenye theluji. Barafu ya zamani zaidi ipo pia, imetobolewa, na haina moshi wa namna hiyo wa mtu yeyote.

Sasa haya, nawauliza nyie wawili, mbona hayamo kwenye kipindi? Dakika tano tu za mtama. Si ndo utamu wenyewe?

Kilichomo ni kingine. Kipindi cha kwanza kabisa kinatupeleka Gunung Padang, Indonesia, kilima chenye ngazi za mawe, tunaambiwa ndani yake kuna piramidi ya miaka elfu ishirini na kitu. Oktoba 2023 wale watafiti wa Indonesia wakachapisha makala kwenye jarida la kisayansi, miaka 25,000 wakasema, dunia nzima ikashangilia. Machi 2024 jarida likaiondoa ile makala, sababu yenyewe nyepesi mpaka mwanangu wa darasa la sita aliielewa, udongo waliopima umri wake haukuwa na kitu chochote cha kuonyesha mtu aliwahi kuugusa. Udongo ni mzee, ndio. Kila udongo ni mzee! Ukichimba chini ya choo changu utakuta udongo wa miaka elfu kumi, haina maana choo kimejengwa na Nuhu. Jarida lilikuwa na adabu ya kuiondoa. Kipindi chenu mpaka leo kinaendelea kama hakuna kilichotokea, hata mstari mmoja chini ya kioo hakuna.

Alafu Cholula, Mexico. Hapa ndo niliposimamisha simu nikatoka nje kupunga upepo. Piramidi kubwa kuliko zote duniani kwa ujazo, imejengwa awamu kwa awamu na watu wa pale pale, kila kizazi kinaongeza juu ya cha mwanzo, mpaka Wahispania wakaja wakajenga kanisa juu yake. Kipindi kinatusimulia habari za mgeni aliyekuja baada ya gharika na elimu yake. Na kwenye vitabu vyake vya nyuma, kile cha 1995, wageni hao walikuwa na ndevu na ngozi nyeupe. Hizo hadithi nyingi ziliandikwa baada ya Cortés, kamanda wa Wahispania, kuwaua maelfu ya watu pale pale Cholula, Oktoba 1519, waandishi wakiwa mapadri wa upande wa washindi. Mtu aliyekuchinja alafu akakaa chini kukuandikia hadithi zako za asili, lazima uisome hiyo hadithi na jicho moja umelikunja. Kwenye kipindi hakuna jicho lililokunjwa. Na uzao wa Cholula wapo, wanauza chakula chini ya kile kilima, hakuna aliyeulizwa bibi yako alikuambia nini.

Mnaweza kusema huyu mwongoza watalii wa Kilwa Cholula inamuwasha nini. Inaniwasha kwa sababu filamu hii sisi tumeshaiona, kabla ya nyie kuzaliwa.

Mwaka 1871 Mjerumani mmoja, Karl Mauch, alifika Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe kule Zimbabwe. Akakata kipande cha mti mlangoni, akakinusa, akaona kinafanana na penseli yake. Penseli ilikuwa ya mti wa mwerezi, mwerezi unatoka Lebanon, Lebanon ndo ilimpelekea Suleimani miti, basi jumba hili ni la Malkia wa Sheba. Wallahi sitanii, ndivyo alivyofikia. Kwa penseli. Cecil Rhodes, yule mkoloni Mwingereza, akaipenda stori maana ilimfaa, kama ardhi ilikuwa ya Wafoinike, watu wa Lebanon ya kale, basi hawa weusi nao ni wapita njia tu kama yeye. Akaja Richard Hall, mwanzoni mwa karne ya 20 akapewa usimamizi wa pale, akachota tabaka zima la udongo akatupa, eti anaondoa takataka za Waafrika ili afike kwa wajenzi wa kweli. Alichokitupa ndo kilikuwa ushahidi wenyewe. 1905 mwanaakiolojia Randall-MacIver akasema hii kazi ni ya Waafrika, 1929 Gertrude Caton-Thompson akachimba akasema hivyo hivyo, na bado serikali ya Rhodesia ikaendelea kubana watu mpaka Peter Garlake, ambaye ndo alikuwa mkaguzi wa majengo ya kale ya nchi ile, akaondoka nchini 1970 kwa sababu hakukubali kuandika vinginevyo. Miaka mia moja tangu ile penseli.

Na pale Great Zimbabwe wamekuta sarafu ya Kilwa, ina jina la yule yule al-Hasan ibn Sulaiman wa vyumba vyembamba. Kwahiyo siwaombei majirani tu, ni familia moja ya biashara, dhahabu yao ndo iliyojenga jumba ninalowatembeza wageni.

Simwiti Hancock Mauch, na simwiti mbaguzi, wala sidhani analala akiwaza hivyo, mkewe mwenyewe ana asili ya kwa Watamil. Nasema barabara anayopita ilishakanyagwa na watu wengine na kila mara inaishia pale pale, wenyeji wamekaa juu ya kazi ya mtu mwingine. Wanaakiolojia wa Marekani wenyewe, chama chao, waliwaandikia barua tarehe 30 Novemba 2022 wakawaambia hili hili, na wakawaomba mkipange na hadithi za kisayansi za kubuni. Wao ni wasomi, barua yao ina lugha nzuri. Kilichofuata ni sizoni ya pili. Ndo maana nimeona niwaandikie na mimi, labda ya mtu wa boti itafika mbali zaidi.

Sasa nije kwenye la kwetu maana mtu mjanja ataniuliza, nyie Waswahili si mna hadithi zenu za wageni? Tunazo. Kitabu cha historia ya Kilwa kinasema Ali bin al-Hasan alikuja na merikebu kutoka Shirazi, akakinunua kisiwa kwa nguo, akakizungushia nguo chote kutoka ufuko mpaka ufuko, na mwenye kisiwa akahamia bara. Mi hii hadithi naipenda mno, naisimulia tukiwa kwenye boti kabla hatujafika ili mgeni akikitazama kisiwa aanze kupiga hesabu ya majora. Na hata hili neno letu la ustaarabu ukilisikiliza vizuri utasikia Uarabu umekaa humo ndani, kwamba kustaarabika ni kufanana na Mwarabu, na watu wengi wanalitumia kila siku bila kulisikia. Kwa miaka mingi wazungu waliokuja kuchimba hapa nao wakaandika kwamba miji ya pwani ni kazi ya wageni, sisi tulikuwa wabeba mawe.

Ila tazameni tofauti ilipo. Hadithi yetu ilipelekwa kupimwa. Machi 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa vinasaba vya watu 80, wengi wao waliozikwa pwani kati ya 1250 na 1800, kuanzia Manda, Faza na Mtwapa kule Kenya mpaka Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Kikakutwa kitu ambacho kila upande umepata chake na kila upande umenyimwa chake. Wageni walikuja kweli, kuanzia kama mwaka 1000, wengi wakiwa wanaume wa asili ya Uajemi. Na mama zao watoto karibu wote walikuwa Waafrika, wa hapa hapa, ambao miji yao ilikuwa imeshaanza, na lugha iliyobaki nyumbani ni ya mama. Bibi zangu walikuwa wanasema sisi Washirazi, watu wakawacheka, kumbe walikuwa na kitu. Babu mmoja hapa Kisiwani alivyosomewa matokeo alisema basi mgeni alikuja akaolewa. Sijawahi kusikia muhtasari mzuri kuliko huo kwa profesa yeyote.

Hicho ndo kitu ninachokisema. Shirazi ina mifupa. Ina makaburi, ina vigae vya bluu vya Uajemi, vipo mvua ikinyesha vinaonekana njiani. Huo ustaarabu wa Hancock hauna jino moja. Ukiniuliza vyote viwili ni hadithi nitakwambia ndio, kimoja kimepimwa na kingine hakipimiki, na nyie mmeviweka rafu moja, na mtoto wangu akishika rimoti hana namna ya kujua.

Kuna jambo lingine la kuchekesha kidogo. Mwaka 1999 BBC walifanya makala kumchambua Hancock na mwenzie Robert Bauval, ile habari ya piramidi za Giza kupangwa kama nyota za Orion. Hawakuridhika, wakapeleka malalamiko kwenye tume ya Uingereza ya viwango vya utangazaji. Tume ikapitia, hoja nyingi ikazitupa, lakini moja ikawapa haki, kwamba BBC waliacha utetezi wao kwenye jambo fulani na hiyo si uungwana. Na BBC, pamoja na ukubwa wao, 2000 wakaitengeneza ile makala wakairusha upya. Mi hapo namuunga mkono Hancock mia kwa mia. Ukimchambua mtu, weka na maneno yake. Sa kama yeye alipata tume, mtaalamu wa Malta aliyelalamika hadharani kwamba mahojiano yake kwenye kipindi chenu yalikatwa yakafanana na anachotaka mwenye kipindi aende tume gani? Watu wa Ohio, Marekani, wanaotunza kile kilima cha kale chenye umbo la nyoka walikataa kamera zisiingie, na kwenye kipindi kukataa kwao kukageuzwa kuwa ushahidi kwamba wanaficha kitu. Ukikubali kuhojiwa unakatwa, ukikataa unaficha. Huo mchezo huku tunauita kichwa nishinde mkia ushindwe.

Nachoomba basi. Kitoeni kwenye makala za kweli, mkipeleke mnakopeleka hadithi za kubuni au mkifungulie sehemu yake, iiteni nadharia, iiteni fumbo, iiteni mnavyotaka ila mtu akibonyeza ajue anabonyeza nini. Pale mwanzo wa Gunung Padang wekeni sentensi moja kwamba utafiti ule uliondolewa na jarida Machi 2024, sentensi moja haiharibu muziki. Na mkifanya sizoni ya tatu, kila mnapoenda akae mtu wa pale mbele ya kamera, si wa kupita nyuma kabeba chepe, na akimaliza kusema aonyeshwe alichosema kabla hakijaruka.

Na kama shida yenu ni kwamba ukweli hauuzi, nawapa stori bure. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia alikuwa kwenye visiwa vya Wessel, huko kaskazini kabisa mwa Australia, anavua samaki, akaokota sarafu ufukweni. Tano kati yake ni za shaba za Kilwa. Za hapa. Zimevuka bahari yote ya Hindi, kilomita sijui ngapi elfu, na hakuna mtu mpaka leo aliyeeleza zilifikaje, kama ni Wareno, kama ni merikebu iliyopotea, kama ni mfanyabiashara aliyezibeba kutoka mkono mpaka mkono. Hilo ni fumbo lenye kitu unachokishika. Au nendeni Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa huku huku Tanzania, mkaone maelfu ya ekari za mashamba ya ngazi za mawe na mifereji, yamelimwa karne nyingi alafu watu wakaondoka karne ya 18, na mpaka sasa wanabishana wamekwenda kuwa kabila gani. Ustaarabu uliopotea si ndo huo? Mifereji unaiona kwa macho, unaweza kutembea ndani yake.

Mkija Kilwa njooni kwanza Masoko mchukue kibali, boti ni juu yangu, vaeni viatu vya kuloana. Na Hancock mwenyewe mleteni, simkatalii, atapewa chai na maandazi kama mgeni mwingine yeyote. Alafu tutapanda wote mpaka Husuni Kubwa, nitamwomba asimame kwenye kile chumba cha kaskazini ya bwawa, anyooshe mikono, aongeze hatua moja upande.

Wenu,
mtu wa boti, Kilwa Masoko